Masale ya Kwa Nzuki

Mfanyabiashara anayekuuliza mara tatu kama umeridhika na kitu, na bado hujakilipia, huyo ana lake jambo. Mwalimu Tryphena aliamini hivyo kwa moyo wote. Jumanne ile, akiwa ameketi juu ya gunia la ndengu katika duka la nafaka la Kiilu pale sokoni Voi, alikuwa amekwisha kuulizwa mara mbili.

"Na ploti uliiona, mwalimu?" Kiilu alisema tena, huku akipepeta mbaazi bila kumtazama. "Uliiona yote? Ukaridhika?"

Hiyo ikawa ya tatu. Tryphena alifungua daftari lake la kurasa tisini na sita, akaandika kwa kalamu nyekundu: Muuzaji ana wasiwasi. Kwa nini?

"Niliiona, nikaridhika," alijibu. "Wewe je, hujaridhika kuiuza?"

"Mimi nimeridhika kabisa." Kiilu alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayekanyaga mahali penye utelezi. "Lakini kama unataka, leta sevea apime. Nusu ya pesa yake nitatoa mimi. Ardhi si ndengu, mwalimu. Hii huwezi kurudisha kesho ukasema iko na wadudu."

Tangu lini muuzaji akajitolea kumlipa mpima ardhi wa mnunuzi? Tryphena alikuwa amesikia habari za wapima wa namna hiyo, wanaokula sahani moja na muuzaji halafu wanakuja kukuonyesha mawe ya mpaka kwa fimbo ndefu. Alimwambia Kiilu kwamba atafikiria, akaliweka daftari kwenye mkoba, akaubana mkoba kwapani na kutoka.

Inafaa ujue mama huyu alikuwa nani. Alikuwa amefundisha sayansi miaka thelathini na minne katika shule za milimani, kumi na mmoja ya mwisho akiwa naibu wa mwalimu mkuu huko kwao Mghange. Watoto walimwogopa kwa sababu alijua kazi iliyonakiliwa hata kabla hajavaa miwani. Kushuku kulikuwa kazi yake, na kazi ya miaka mingi hivyo mtu haivui kama koti siku ya kustaafu. Maziwa akiletewa aliyapima. Ujumbe wa benki aliusoma mara mbili, kisha akaenda benki kuuliza kama ni wao kweli waliotuma. Mchungaji akitangaza mchango, yeye ndiye aliyeinua mkono kuuliza ule wa mwaka jana uliishia wapi.

Mwezi wa saba malipo yake ya kustaafu yalikuwa yameingia, laki tisa. Hazikuwa pesa za mchezo na hazingekuja nyingine. Mume hakuwa naye tena, goti moja lilikuwa limeanza kumsumbua kwenye miteremko, na shamba la Mghange lilikuwa la kulimwa na mtu mwenye magoti mawili. Alitaka ploti Voi, chini huko penye watu na stesheni, ajenge vyumba vinne vya kukodisha, na kodi ya vyumba hivyo imtunze mpaka siku ya kuitwa. Pesa hizo zikipotea, uzee wake wote ungekuwa umepotea nazo, na alilijua hilo vizuri kuliko alivyojua jina lake.

Tena alikuwa na mfano. Obadiah, aliyefundisha hesabu shule moja naye, alistaafu mwaka mmoja kabla yake, akatia kila kitu kwenye ploti moja karibu na reli mpya. Baadaye ikajulikana kwamba ploti ile ilikuwa na wenyewe watano, kila mmoja na karatasi yake. Siku hizi Obadiah huitembeza karatasi yake ndani ya mfuko wa nailoni, na ukimkuta njiani atakuonyesha muhuri. Ushauri wake kwa Tryphena ulikuwa mmoja tu. "Uliza," alimwambia. "Uliza mpaka wakuchukie."

Basi akauliza. Daftari lilikuwa na maswali thelathini na moja. Je, jina lililo kwenye hati ndilo lililo kwenye kitambulisho cha muuzaji? Hati iko kwake au imewekwa rehani mahali? Mkewe anajua na amekubali? Barabara ya kuingilia iko kwenye ramani, au ni njia ya mbuzi ambayo mwenye mbuzi anaweza kuifunga? Kodi ya kaunti imelipwa? Wapangaji watatoka wapi, nao wana mshahara au wana maneno? Alikwenda mwenyewe ofisi ya ardhi kupekua rekodi, akasimama dirishani mpaka karani akamwomba kwa heshima aketi. Alimuuliza wakili, dada mmoja mpole anayeitwa Evelyn, kama amewahi kushtakiwa. Alimfuata Kaveke, mke wa Kiilu, hadi kwenye kibanda chake cha nguo, akamuuliza faraghani kama ametia sahihi kwa hiari yake au mumewe humpiga. Kaveke alicheka mpaka akafuta machozi kwa shuka aliyokuwa akiiuza.

Majibu yote yalikuwa safi. Hati ilikuwa ya kweli, haikuwa na deni, wala hakuna aliyeweka pingamizi. Na hilo halikumtuliza hata kidogo. Katika uzoefu wake, mtoto aliyepata mia kwa mia ama ana akili nyingi ama aliuona mtihani mapema, na wenye akili nyingi ni wachache.

Mtu mmoja tu hakuwamo katika daftari lile, naye ni Thadeus.

Thadeus alikuwa mtoto wa marehemu dada yake. Alimchukua akiwa na miaka saba, akamnunulia viatu vya kwanza, akamfundisha kusoma kwenye meza ya jikoni. Kijana alimwita mama, kama ilivyo desturi, maana dada ya mama ni mama. Sasa alikuwa dalali wa ploti hapo Voi. Ofisi yake ilikuwa simu na pikipiki. Ni yeye aliyemletea habari za ploti ya Kiilu na kumtafutia wakili. Kila mahali Tryphena alipofungua daftari, Thadeus alisimama nyuma yake amemshikia mwavuli.

Na ni Thadeus aliyempeleka kuiona ploti, wiki tatu kabla ya siku ile ya dukani. Mahali penyewe huitwa Kwa Nzuki, mtaa mpya upande ule unaotazama mlima Sagalla, udongo mwekundu mtupu na upepo wa kukuvua kitambaa. Nyumba zilikuwa chache, lakini nguzo za stima zilikuwa zimekwisha kufika. Tryphena alikuwa ametayarisha uso wake wa mtihani. Ndipo alipoyaona masale, akasimama.

Asiyetoka milimani ataona majani tu, marefu, yanayofanana na ya mahindi. Kwa watu wa Mghange isale ni neno la mwisho. Wazee wakigawa shamba hupanda isale mpakani mbele ya mashahidi, na tangu siku hiyo hakuna wa kubisha. Jiwe la serikali mtu hulihamisha kwa toroli. Isale hakuna anayethubutu kuligusa, maana ilisemwa tangu zamani kwamba mwenye kuling'oa hafiki mavuno ya pili. Tryphena aliwahi kuona ndugu wawili waliofika na mapanga wakirudi nyumbani kimya baada ya mzee mmoja kuwaonyesha isale lilipo. Alikuwa na umri wa miaka tisa, na tangu siku hiyo hakuna mpaka mwingine aliouamini kwa moyo wake.

Na hapa, chini kabisa kwenye joto la Voi, masale yalikuwa yamesimama, moja kila kona na mengine upande mzima wa mashariki.

"Ni nani aliyapanda haya?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa imelainika.

"Zamani ilikuwa ya mzee mmoja wa kwetu, mama, kabla Kiilu hajanunua," Thadeus alisema. "Si unajua wazee wetu. Wakishuka huku wanashuka na masale yao."

Tryphena aliligusa jani moja kwa vidole viwili. Alisikia raha ambayo hakuwa ameisikia tangu azikwe mumewe, raha ya kukuta mtu wa kwenu ugenini. Kwenye swali la kumi na tisa, lililouliza mipaka imethibitishwa na nani, alitia alama ya vema. Mahali penye isale, sevea wa nini?

Mcheke ukitaka. Lakini kila mtu ana mlango mmoja ambao hauwekei kufuli, kwa sababu hajui kuwa ni mlango.

Kwa hiyo Jumanne ile, alipotoka dukani kwa Kiilu na kumkuta Thadeus kivulini akimngoja, alimweleza habari za sevea kwa hasira. Thadeus alichezea ufunguo wa pikipiki.

"Hao wenye maduka hapa chini uwajue, mama," alisema hatimaye. "Huyo sevea ni wake. Watakula elfu kumi na tano zako halafu wakuambie kile ambacho isale limeshakuambia bure."

"Ndivyo nilivyowaza mimi."

"Basi kesho saa tano tuko kwa wakili, utie sahihi, tumalize. Ngoja ngoja huumiza matumbo."

Jumatano Tryphena alishuka mapema kuliko walivyoagana. Saa mbili asubuhi alikuwa tayari Kwa Nzuki, peke yake. Hakwenda kwa sababu ya kushuku mpaka. Alikwenda kwa ajili ya swali la ishirini na saba, alilokuwa ameliacha wazi: wapangaji watapata wapi maji, na kwa bei gani? Swali kama hilo humuulizi mwenye kuuza. Unamuuliza jirani.

Jirani alikuwa mama mmoja aitwaye Katuku, aliyeuza maji ya mitungi kwenye kibanda cha mabati kando ya barabara. Tryphena alimsalimia, akanunua chupa ya soda asiyoitaka, akaketi kwenye benchi.

"Maji hapa yakoje?" aliuliza.

"Hapa maji ni shida, mama, sikufichi. Bomba inatoa siku moja, wiki mbili imelala. Sisi tunangoja lori." Katuku alionyesha safu ya mitungi ya njano. "Mimi nauza shilingi thelathini mtungi. Kiangazi kikikaza, hamsini. Unataka kuhamia?"

"Nanunua pale." Tryphena alielekeza kidole, na alisikia fahari kidogo. "Pale penye yale majani."

"Ah, wewe ndiye mwenye hizo maua." Katuku alifurahi. "Basi mwambie yule kijana aongeze pesa, kwa sababu jua imekuwa kali. Mtungi mbili, mara mbili kwa wiki, haitoshi tena. Mimi nilimwambia, si upande mkonge, mkonge haiombi mtu maji. Akasema hapana, wanunuzi wanataka hiyo."

Tryphena aliiweka chupa chini.

"Wanunuzi wanataka hiyo," alirudia.

"Ndivyo alisema. Mimi nikanyamaza, kazi ni kazi."

"Umeanza kuyamwagilia lini?"

"Pasaka ilikuwa imepita tu. Walileta na pikapu, asubuhi moja, wakachimba, wakaenda."

Aliinuka bila kuaga, akavuka barabara. Goti lilimuuma, hakulijali. Kwenye kona ya kwanza alichokonoa udongo kwa ncha ya mwavuli, na chini kidogo ya ule wekundu ncha ikanasa kwenye karatasi nyeusi ya kitalu, haijachanwa hata. Alilivuta isale, likatoka mzimamzima na mfuko wake. Udongo wa ndani ulikuwa mweusi na laini, udongo wa kwao, wa mahali penye ukungu. Mwalimu wa sayansi wa miaka thelathini na minne alikuwa amesimama hapa wiki tatu zilizopita, katikati ya kiangazi, akayaona majani mabichi kwenye nchi kavu, na hakujiuliza yanakunywa nini. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Wa kwanza kumlaani alikuwa Kiilu. Alimlaani vizuri, kwa Kidawida, lugha ya kwao, taratibu. Kisha laana ikamkwama.

Kiilu alijuaje? Kiilu alikuja Voi kutoka Ukambani akiwa kijana, na maisha yake yote yamepita katikati ya magunia. Kwake yeye majani hayo ni majani, kama yalivyokuwa kwa Katuku maua. Angetaka kumdanganya mnunuzi angejenga ukuta wa mawe, au angeweka bango. Mtego huu ulitegwa na mtu anayejua panya wa Mghange hula nini.

Katuku alikuwa amemfuata, simu mkononi, na uso wenye wasiwasi. "Mama, kuna makosa? Huyo kijana hunitumia pesa kwa simu. Ngoja nikuonyeshe jina, umpigie mwenyewe."

"Usinionyeshe."

Lakini Katuku alikuwa amekwisha kuigeuza simu, na mwalimu hawezi kuona maandishi asiyasome. Jina lilikuwa lile alilomwandikia yeye mwenyewe kwenye fomu ya kuingia darasa la kwanza.

Alisimama pale, amelishika lile isale kwa shina. Hakulia. Alikuwa na hasira, na chini ya hasira kulikuwa na kitu kibaya zaidi, kitu kilichomwambia kwamba labda kuna maelezo, labda kijana naye alidanganywa. Alikijua kitu hicho. Alikuwa amekiona usoni mwa Obadiah kila alipoitoa ile karatasi.

Alirudi sokoni kwa bodaboda, isale limelazwa mapajani. Kiilu alikuwa akifungua duka.

"Nipeleke kwenye ploti yako," Tryphena alimwambia. "Sasa hivi. Nipeleke wewe mwenyewe."

Kiilu alilitazama lile isale, asielewe kitu, kisha akautazama uso wa aliyelishika. Alimwita mkewe aje alinde duka, akachukua ufunguo wa pikapu.

Walifika Kwa Nzuki, wakayapita masale bila kupunguza mwendo. Pikapu iliteremka, ikaacha nguzo za stima nyuma, ikapita kichaka na jaa la takataka, ikasimama ukingoni mwa korongo. Chini kulikuwa na mchanga uliochongwa na mafuriko ya mvua zilizopita, na katikati ya mchanga rundo la kinyesi cha ndovu, halijakauka vizuri.

"Hiyo hapo," Kiilu alisema. "Bikoni ya kwanza ya mpaka ni ile imelala. Ya pili ilienda na maji mwaka ule wa mvua nyingi."

Tryphena alishuka, akasogea ukingoni, akatazama chini.

"Kwani wewe ulionyeshwa wapi?" Kiilu aliuliza polepole, na kabla hajajibiwa aligeuza shingo, akatazama juu walikotoka. "Si pale kwa maua. Mwalimu, ile ni ya mtu wa Mombasa. Hajakuja hapa miaka."

"Kwa nini hukuniambia ploti yako ni korongo?"

"Nilikuuliza kama umeiona. Nilikuuliza mara tatu. Nikakuambia ulete sevea, nikasema nitatoa nusu." Aliinamisha kichwa, akapangusa vumbi kwenye kioo cha pembeni, vumbi ambalo halikuwa na haja ya kupanguswa. "Kijana aliniambia mama ameona bonde na analitaka hivyo hivyo, labda achimbe bwawa. Laki nne yangu, yenye kuzidi ni yake. Sikutaka kuuliza sana. Mimi mwenyewe niliuziwa hizi nikiwa mjinga, sikuja kuangalia, na tangu hapo naona aibu kuzitaja. Zilikuwa mbili. Hii ndiyo imebaki."

Tryphena aliona kwamba mtu huyu, aliyemtafutia makosa kwa wiki tatu nzima kwa kalamu nyekundu, ndiye pekee aliyemshauri jambo la maana. Hakuwa malaika. Lakini alikuwa amemwambia alete mpima, naye akamwandika mwizi.

Saa tano kasorobo Thadeus aliingia dukani kuwachukua. Shati lilikuwa limepigwa pasi, na mkononi alikuwa na chupa ya maji baridi aliyomnunulia mama yake, maana joto lilikuwa limezidi. Isale lilikuwa limelala juu ya gunia la ndengu, mfuko wake mweusi umegeuzwa upande wa mlangoni.

Aliliona. Kiilu alichukua debe tupu, akatoka nje kwa mlango wa nyuma, na wote wawili wakamsikia akiuvuta mlango.

"Keti," Tryphena alisema.

Thadeus aliketi. Hakukana. Angalau hilo hakulifanya, na Tryphena aligundua kwamba alikuwa akitamani sana akane.

"Nilikulea nikakosea wapi?"

"Hukukosea, mama."

"Basi nieleze."

Kijana aliizungusha ile chupa mikononi. Aliposema, alisema akiitazama. "Ulimuuliza karani. Ukamuuliza wakili kama ameshtakiwa. Ukamuuliza mpaka mke wa Kiilu kama anapigwa. Maswali thelathini na moja, mama, na mimi nilikuwa nyuma yako kila siku. Kila ukifungua hilo daftari nasema, sasa ni mimi. Hukuniuliza hata moja." Aliikaza mikono kwenye chupa. "Ungeniuliza tu, Thadeus, ni hapa kweli? Nisingeweza. Wewe nisingekudanganya usoni."

"Ulinidanganya. Ulisema ni ya mzee wa kwetu."

"Uliuliza nani alipanda masale. Ploti hukuniuliza."

Tryphena alitaka kumzaba kofi. Hasira yake ilikuwa kubwa kwa sababu kijana alikuwa akimtwika yeye kosa lake, na maumivu yake yalikuwa makubwa kwa sababu ndani ya uongo huo kulikuwa na punje moja ya kweli. Alikuwa ameshuku dunia nzima ili asilazimike kumshuku huyu. Alijua pia kwamba akianza kulilia jambo hilo sasa, Thadeus naye atalia, na wote wawili watatoka pale wamesameheana bila jambo lolote kujulikana.

Kwa hiyo alifanya alichokijua. Alifungua daftari ukurasa mpya, akachomoa kalamu.

"Haya, nakuuliza. Masale yalipandwa Pasaka. Pesa zangu ziliingia mwezi wa saba. Yalipandiwa nani?"

Thadeus aliiweka chupa sakafuni.

"Kiilu alikuwa na ploti mbili. Imebaki moja. Ya kwanza alinunua nani?"

"Mama..."

"Nimekuuliza usoni."

Jibu lilipotoka lilikuwa dogo. "Mama Rita."

Margaret wa Mwanda. Mjane, mwenye sauti nene katika kwaya ya akina mama, aliyeuza ng'ombe wake wote wawili mwanzo wa mwaka na hakuna aliyejua kwa nini. Mwezi wa tano, kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa, Margaret alimvuta pembeni na kumuuliza kwa sauti ya chini: huyu kijana wako Thadeus ni mtu wa namna gani? Tryphena alidhani anamtakia binti yake Rita mchumba, akafurahi, akamsifu kijana mpaka pakakosa nafasi ya kuongeza. Hanywi. Anamcha Mungu. Nimemlea kwa mikono hii, namwamini kuliko macho yangu. Margaret aliitikia kwa kichwa, asiseme zaidi. Watu wa milimani hawatangazi kwamba wananunua ardhi mpaka hati iwe sandukuni. Wanaogopa macho ya watu.

"Alilipa kiasi gani?"

"Zote."

"Alikuuliza chochote?"

"Hapana." Thadeus alijifunika uso kwa kiganja. "Alisema wewe umeshamjibu."

Tryphena aliona herufi zikicheza kwenye ukurasa. Alikuwa ameandika jina la Margaret na hakukumbuka kuliandika. Laki tisa zake zilikuwa bado benki, salama, na hazikumpa faraja yoyote. Alitoa simu kwenye mkoba, akalitafuta jina, akapiga, akaiweka sauti isikike nje.

Margaret aliitikia mara moja, na nyuma yake palikuwa na ngurumo ya injini na watu wakipaza sauti.

"Mwalimu, nilikuwa nakuwaza sasa hivi," alisema. "Unisamehe, kuna jambo nilikuficha, lakini unajua mambo ya ardhi. Nilinunua kwa mtoto wako, kule Voi. Niko hapa machimboni, lori la mawe limeshapakia, tunashuka nalo. Nilisema wa kwanza kumwambia awe wewe, kwa sababu bila neno lako nisingethubutu." Alicheka, cheko la mtu aliyeweka siri kwa muda mrefu. "Sasa huyu dereva ananiuliza mawe ayamwage kona gani, na mimi huko nimefika mara moja tu. Thadeus yuko karibu nawe?"

Tryphena alifungua kinywa. Maneno yote ya kumwambia yalikuwepo, na yalikuwa yake kuyasema, maana sifa zile zilitoka kinywani mwake. Angeyasema. Jioni hiyo hiyo angepanda mpaka Mwanda ayaseme mlangoni kwa Margaret, na kesho yake aende benki kumtolea fidia. Lakini swali hili halikuwa lake.

Aliinyoosha ile simu juu ya magunia.

"Unaulizwa," alimwambia Thadeus.

Kijana aliipokea kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa kupokea kitu cha mkubwa.

"Shikamoo, mama," alisema, kisha asiweze kuendelea. Na Margaret, kule machimboni, aliitikia marahaba na kulirudia swali lake taratibu, kwa upole wa mtu asiye na shaka kwamba atajibiwa.